Ana Kipaji Sawa, Lakini Ni Mtu wa Aina Gani?

Watu wa Nakuru tunapenda sana kuuliza mtoto ako na talanta gani. Hata kabla hajajua kufunga kamba za viatu mjomba ashaamua huyu ni Kipchoge, shangazi ashaamua huyu ni pasta juu ako na sauti, na mtoto mwenyewe yuko tu hapo anakula mandazi. Sina ubaya na hilo swali, shida yangu ni vile tunaliachia hapo. Kuna lingine ambalo kwa maoni yangu ndo linaamua zaidi mtu ataishia kufanya nini, na karibu hakuna mtu huliuliza: huyu ako na hulka gani? Ni mtu wa kelele ama wa kona? Anaweza kukaa na kitu kimoja masaa matatu ama baada ya dakika kumi ashaanza kutafuta watu? Akishindwa anarudi kesho ama ananuna wiki nzima?

Nasema haya juu nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, na saiba ukiikalia vya kutosha unazijua familia za watu hadi ndani. 2025, wakati Gredi 9 ya kwanza ya mtaala mpya walikuwa wanachagua shule za sinia, wazazi na watoto walijaa hapa mpaka saa za kufunga zikasahaulika. Kwa wasiojua, mtoto alikuwa anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu, STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), Sayansi za Jamii, ama Sanaa na Michezo, halafu masomo matatu ya kuandamana na huo mkondo, halafu shule 12. Yaani kazi yote hiyo ya kufikiria, na mzazi amekuja na jibu tayari mfukoni.

Kuna mama mmoja alikuja na kijana wake, mrefu, mwembamba, bado ako na sare, na kabla hata ukurasa haujafunguka mama akaniambia, "Wewe weka STEM. Huyu nikimwachilia ataenda mpira, na mpira haulipi." Kijana kimya. Nikamuuliza anacheza namba gani, akasema winga, na mama yake kwa shingo upande akakubali ati ni kweli anajua, walimu washamwita shuleni kumwambia hivyo. Nikajua basi leo ni ile vita ya kawaida, kipaji upande huu na kodi ya nyumba upande ule.

"Lakini mimi siku ya mechi siipendi," kijana akasema, polepole mpaka nikamwambia arudie.

Mama akageuka. "Huipendi aje na huwa unacheza?"

"Kucheza napenda, mum. Siku ya mechi ndo sipendi."

Kumbe asubuhi ya mechi tumbo humsokota. Hapendi watu wakipiga mayowe pembeni, hapendi kuitwa jina na watu hawajui. Nikamuuliza sasa kwa hiyo mpira unapenda nini hasa, akafungua begi akatoa daftari, zile za kurasa 96, kona zimekunjika, ndani amechora viwanja kwa biro, mishale huku na huku, wachezaji ameandika kwa herufi mbili mbili, na pembeni madokezo madogo madogo: huyu ikifika dakika ya 60 amechoka, huyu akipewa mpira kwa mguu wa kushoto lazima ageukie ndani, hawa beki zao hawaongeleshani. Timu yao ameiandika, na kila timu walicheza nayo pia ameiandika. Hakuna mtu alimtuma. Mama yake alikuwa akiiona hiyo daftari kila siku na akidhani ni ya hesabu.

Sasa huyu mtoto ukisema kipaji chake ni mpira hujadanganya. Lakini ukimpeleka kwa mpira vile sisi tunauelewa, jezi, mashabiki, uwanja wa Afraha umejaa, umempeleka mahali tumbo litamsokota kila Jumamosi mpaka siku moja aache, halafu tutakaa hapa tuseme alikuwa na kipaji lakini akakosa bidii. Na si bidii amekosa, mtu mwenye amejaza daftari nzima bila kuambiwa huwezi mwita mvivu. Ni mtu wa kuangalia na kuandika. Na huko kwa mpira huohuo kuna nafasi za watu kama yeye, kuna makocha, kuna wale wa kuchambua video za mechi, kuna watu kazi yao ni kuhesabu pasi na mbio za kila mchezaji. Waliishia kuweka STEM na kwa vile nimeona ile daftari sidhani walikosea, ila sababu ya mama na sababu yangu si moja kabisa.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani aliitwa John Holland. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa jeshini akifanya kazi ya kuwahoji watu wanaoingia, na akaanza kuona kwamba pamoja na wingi wao wote hawa watu wanaangukia aina chache tu. 1959 akachapisha nadharia yake, na mpaka leo zile kwizi za mtandaoni za "ni kazi gani inakufaa" nyingi ni yeye yuko chini yake hata kama jina lake hulioni. Aina zake ni sita: watu wa mikono na vyuma, watu wa kuchunguza, watu wa sanaa, watu wa kusaidia wenzao, watu wa kushawishi na kuuza, na watu wa mpangilio na rekodi. Hakusema uko moja tu, alisema kila mtu ni mchanganyiko, ila moja ama mbili huwa zinatawala, na kwamba watu hutafuta mahali ambapo wanaweza kutumia ujuzi wao na bado wakawa vile walivyo.

Sipendi sana mambo ya kugawa watu kwa makundi, watu wakishajua kundi lao huwa wanaacha kujaribu vitu. Lakini hoja yake ukitaka kuiona inatembea njoo usimame kwa mlango wa saiba yangu uangalie stage ya boda iliyo hapo mbele. Wote kazi ni moja. Pikipiki ni zile zile, reflekta ni ile ile, bei ya kwenda tauni ni ile ile. Lakini kaa nao wiki mbili. Kuna mmoja hata kama kuna abiria watatu wamesimama yeye ako chini anafungua kabureta ya mwenzake, mikono nyeusi, na haitishi pesa. Kuna mwingine ndo ako na daftari ya chama, anajua nani hajatoa tangu lini, na ukimuuliza atakuonyesha na tarehe. Kuna yule wa mdomo, huyo hata kama anaenda Pipeline na wewe unaenda Lanet utajikuta umepanda. Halafu kuna mmoja mpole sana, huyo nyanya wote wa huku wako na namba yake, anawapeleka kliniki na anawangoja na anawabebea dawa mpaka mlangoni. Hakuna mtu aliwagawia hizo kazi. Walianza wote kama boda tu na kila mtu akateleza polepole akafika mahali pake, na sasa stage ikikosa yule wa daftari siku moja kila kitu kinavurugika.

Na hapo sijasema kuhusu yule wa stage anayecheza drafti, nitarudi kwake.

Kwa sisi watu wa saiba Julius Yego ni mtu wetu. Alizaliwa 1989 huko Tinderet, Nandi, mahali ambapo ukiwa na miguu miwili dunia nzima inangoja ukimbie. Yeye akapenda mkuki. Kocha wa mkuki hakuna, vifaa hakuna, akaanza na fimbo za kujichongea, na baadaye akawa anaingia saiba anaangalia video za YouTube za Jan Železný, yule Mcheki mwenye rekodi ya dunia ya mita 98.48 tangu 1996, na Andreas Thorkildsen wa Norway, halafu anatoka anaenda kujaribu vile amewaona wakifanya. 2015 kule Beijing akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, mwaka uliofuata Rio akachukua fedha ya Olimpiki. Watu wakihadithia hiyo stori wanasema YouTube ilimfundisha. Mimi nimewafungulia watu YouTube miaka yote hii na wengi wao hawajarusha hata jiwe.

Bega alikuwa nalo, sikatai, bega kama lile huwezi kununua. Lakini naamini kabisa kuna watu wengine huko huko Nandi walizaliwa na bega zuri na wakaenda kukimbia juu kila mtu alikuwa anakimbia, na wengine wakangoja kocha aje na hakuja. Kurudia mwendo mmoja wa mkono peke yako, mahali hakuna mtu wa kukuambia umepatia, na majirani wanakuona kama umechanganyikiwa kidogo, hiyo inataka mtu wa aina fulani. Mkaidi, na asiyesumbuliwa na kuwa tofauti. Kama angekuwa mtu wa kutaka sana kukubalika na marafiki zake nadhani tungemwona kwa mbio za kilomita 10, labda hata tusingemwona.

Sasa geuza upande wa pili. Tarehe 12 Oktoba 2019 pale Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia marathoni kwa 1:59:40, sote tulikuwa kwa TV, stage ilikuwa tupu, nakumbuka barabara kimya. Mbele yake na nyuma yake kulikuwa na mapesimeka, wale wakimbiaji wa kumwekea mwenzao kasi, jumla yao 41, wakipokezana. Na hao hawakuwa watu wa kuokotwa. Bernard Lagat, yule mkongwe wa mbio, alikuwa hapo. Matthew Centrowitz, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Rio, alikuwa hapo. Mtu ana dhahabu yake nyumbani na leo anakimbia kumkinga mwenzake upepo, halafu mwishoni anasogea pembeni anapiga makofi. Kuna watu ukiwaambia wafanye hiyo kazi watakutukana, na hawana makosa, wameumbwa kutaka utepe. Lakini kuna wengine huko ndo wanapata raha yao, na ukiwaangalia siku hiyo nyuso zao zilikuwa na furaha kuliko za washindi wengi ninaowaona.

Halafu kuna ile ya Berlin 2003. Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya 2:04:55, kila Mkenya anaijua. Nyuma yake sekunde moja, 2:04:56, alikuwa Sammy Korir, ambaye alikuwa ameingia hiyo mbio kama pesimeka na akakataa kutoka. Sekunde moja! Na yeye pia alikuwa chini ya rekodi iliyokuwepo. Uwezo wa miguu unaona ulikuwa karibu sawa kabisa, lakini mmoja aliamka siku hiyo akiwa wa kushinda na mwingine akiwa wa kusaidia, na katikati ya barabara huyo wa kusaidia akaanza kujaribu kingine. Hiyo mbio ikitokea kwa YouTube huwa naiangalia mpaka mwisho na matokeo nayajua.

Nyumbani kwetu nina mfano wa karibu. Dadangu mdogo ndo ako na sauti kuliko sisi wote, na si kwa sababu ni dadangu, hata pasta amesema. Kanisani wakamwambia aongoze sifa. Akakataa. Wakamwambia aimbe solo Krismasi, akasema sawa, halafu Krismasi akawa na homa, na sisi nyumbani tulijua homa ni gani hiyo. Watu wakaanza kusema anaficha kipaji cha Mungu, mara ana kiburi, mama akawa hata anasikia aibu. Lakini mwambie akae na watoto wa Sunday school wasiojua kitu, wale wa kuimba kila mtu kwa ki yake, atakaa nao Jumamosi mchana wote bila hasira, sauti ya kwanza, sauti ya pili, rudia, rudia tena, hapana sikiliza mwenzako kwanza. Siku wale watoto waliimba mbele ya kanisa yeye alikuwa amesimama kwa mlango nyuma kabisa, anaonyesha kwa mkono wapi washuke na wapi wapande. Mama aliacha maneno tangu siku hiyo. Sauti yake anaitumia, tena sana, ila anaitumia akiwa nyuma ya watu.

Na hii ya kukaa na kitu peke yako ni kubwa kuliko tunavyodhani. Kuna utafiti maarufu wa Anders Ericsson na wenzake, ulichapishwa 1993, walichunguza wanafunzi wa fidla kule Berlin na kuhesabu masaa waliyofanya mazoezi tangu wakiwa wadogo, na wale bora zaidi walikuwa wamefika kama masaa 10,000 kufikia umri wa miaka 20. Kila mtu hushika ile 10,000 anakimbia nayo kwa semina. Kile watu hawasemi ni kwamba hayo yalikuwa masaa ya mazoezi ya peke yao, mtu na fidla yake kwa chumba, mlango umefungwa. Sasa chukua mtoto ambaye bila watu anakauka, mchangamfu, wa kucheka, umpe hayo masaa. Hata awe na sikio zuri namna gani ataacha, na akiacha akajiunga na bendi ya mtaani ambako wanafanya mazoezi watu wanane wakipigiana kelele, usishangae akashika moto.

Kabla mtu hajanikumbusha, najua pesa. Nusu ya wale wa stage hawakuchagua boda, boda iliwachagua wakati karo iliisha ama mzee alifariki ama kazi ya maua kule Naivasha ilisimama. Viatu vya mpira vinanunuliwa, fidla ndo usiseme, na kuna watoto wako na hulka na kipaji vyote viwili na hawatawahi kufika popote navyo juu shule yao haina hata uwanja. Siwezi kuandika hapa ati fuata moyo wako wakati najua mwenye nyumba anafuata nini tarehe 5. Nasema tu kwamba hata mtu akiwa amebanwa kabisa, ile nafasi ndogo inayobaki, Jumapili mchana, dakika 20 za kungoja abiria, hapo ndo utaona ni mtu wa aina gani, na mzazi akiangalia hapo ataona mengi kuliko kwa ripoti fomu.

Pia tuwache kubandika watoto majina mapema. Carl Jung, yule Mswisi ambaye 1921 aliandika kuhusu watu ambao nguvu zao zinaelekea ndani na wale ambao zinaelekea nje, hakusema wa ndani ni waoga. Kuna watu wapole wanasimama jukwaani vizuri sana, wakimaliza tu wanataka kwenda kulala. Na kuna watu wa kelele ambao ukiwapa kitabu cha hesabu za kampuni unaona wametulia. Huku kwetu mtoto akiwa mkimya tunasema huyu ni wa ofisi, akiwa wa kuongea tunasema huyu ni wakili, na hiyo si kumwangalia mtoto. Watu pia hubadilika. Mimi mwenyewe nikiwa na miaka 20 hakuna mtu angeniambia nitakaa kwa kiti kimoja siku nzima nikichapisha fomu za watu na niipende, na bado kuna siku siipendi.

Basi yule wa drafti. Boda ni boda kama wengine lakini chini ya ule mti kuna kipande cha plaiwudi alichochora mwenyewe miraba, nyeusi na rangi ya mbao, na kwa mfuko wa jaketi hubeba vizibo vya soda, upande mmoja unacheza vimeangalia juu na mwingine vimepinduliwa. Akikaa hapo hamwoni mtu. Nimeona abiria akimwita mara tatu mpaka akapanda ya mwingine. Anacheza bila kuongea, watazamaji ndo wanaongea kwa niaba yake, kula hapo, usiguse hicho, wee umeona hiyo! Halafu anatoa kizibo kimoja bure, unadhani amelewa, kumbe amekuona mbali, anaruka vitatu na kufika mwisho anataka kingi. Wenzake wanamcheka ati angekuwa na nyumba ya ghorofa kama angeacha vizibo. Labda ni kweli.

Juzi kuna jamaa wa kaunti alipita akamwambia kuna mashindano, aandikishe jina, kuna hadi zawadi. Akakataa palepale, hata hakuinua macho. Nikamwambia ndugu yangu, hiyo ni pesa, na wewe hapa unapiga watu bure kila siku. Akasema yeye mambo ya kuvaa namba kifuani na kukaa kwa laini hawezi. Kile anataka ni yule mzee wa Pipeline arudi Jumapili, mzee ndo alimpiga mbili bila wiki jana na akaenda zake akicheka, na yeye ashajua alikosea wapi, ni kile kizibo cha pembeni alikisogeza mapema sana.